Baiskeli Inazimikia kwa Kinyozi

Begi la baba lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, limeshajazwa: mashati mawili, kikoi, mswaki, na koti zito la mtumba ambalo huku kwetu Likoni halina kazi yoyote. Koti lile ndilo lililoniuma. Ukimwona mtu wa pwani amenunua koti, jua anakwenda kukesha nje. Baba alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye nyumba moja kule Nyali, ya kulala huko huko, na ruhusa ya kuja nyumbani Jumapili hadi Jumapili. Alitakiwa aanze Jumatatu.

Sikutaka aende. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu nalijua, nalikwaruza pembeni mwa daftari, nangoja mwingine alitamke, kisha najipigia alama ya vyema. Ndivyo nilivyo. Hata haya nayaandika kwa kuwa ukiandika hakuna anayekutazama usoni.

Baba ni muuza maziwa. Tangu sijazaliwa, akishaswali alfajiri huenda upande wa Mtongwe kwa watu wanaofuga, akajaza madumu yake mawili, akayafunga kwenye karia ya ile baiskeli nyeusi, akarudi akipita mlango kwa mlango hapa Bofu na sauti yake ndefu: "Maziwaaa!" Kwa joto letu maziwa hayangoji mtu. Jua likipanda hujamaliza mzunguko, yaliyobaki unayarudisha nyumbani mke wako akayagandishe. Miaka yote hiyo baba aliwahi. Kisha goti lake la kulia likaanza. Mwanzo lilikuwa linalia tu, ko, ko, kila akikanyaga pedeli. Baadaye likavimba, akawa anashuka na kusukuma baiskeli penye mwinuko, na wateja wa mwisho wakawa wanafikiwa jua limeshawaka. Siku moja nilikuwa naye, tukasimama kwa bibi mmoja, akafunua sufuria yake akachungulia.

"Mume wangu," akamwambia baba, maana bibi yule huwaita wanaume wote mume wangu, "maziwa yako matamu, sina neno. Lakini leo umeniletea mtindi, na mimi sikuagiza."

Baba alicheka. Njiani kurudi hakucheka. Wiki ile ile akaenda kuuliza habari za kazi Nyali.

Basi begi liko tayari, koti limo ndani, na mjomba akaja na boksi.

Mjomba ni kaka yake mama, anakaa Changamwe. Aliliweka boksi barazani akalipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe. "Shemeji," akamwambia baba, "kabla hujaenda kulinda majumba ya watu, jaribu hii." Ilikuwa injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli. Mwenzake kazini aliinunua, akashindwa, akampa.

"Alishindwa kuifunga?" mama akauliza.

"Kuifunga aliifunga. Alishindwa na mke. Mke alisema, ama mimi ama hayo makelele."

Mama akamtazama baba, akasema, "Mimi makelele nimezoea, naishi na nyinyi."

Ndani ya boksi mlikuwa na injini yenyewe, imezidi dafu kidogo kwa ukubwa, tangi dogo la petroli lililochongoka kama tone, mnyororo, gia ya gurudumu la nyuma, mafungu ya waya, na karatasi ya maelezo kwa Kichina. Michoro ilikuwamo. Baba akanipa mimi ile karatasi. "Nyinyi ndio mnaosoma," akasema. Nilitaka kumwambia Kichina hatujafika, lakini nikaipokea, kwa sababu ilikuwa likizo, na kwa sababu ya koti.

Fundi aliyeifunga ni jirani yetu, fundi wa baiskeli, mzee wa makamo ambaye babu zake na babu za babu zake ni watu wa Mvita, na hakuachi usahau. Aliizunguka injini ile mara mbili mikono kiunoni.

"Baiskeli naijua," akasema. "Pikipiki naijua. Hino sasa ni nini, nusu mtu nusu samaki?"

"Fundi, wewe funga tu," baba akasema.

"Nafunga, yakhe. Lakini ikizaa, mtoto simlei."

Tulianza Ijumaa baada ya swala ya mchana. Mimi nilikaa ndani ya dirisha na karatasi yangu, wao barazani, na neno likinibidi nilimwambia mama, naye akalipaza nje. Shida ya kwanza ilikuwa ile gia ya nyuma. Inafungwa juu ya spoki za gurudumu kwa boliti na vipande vya mpira, na isipokaa katikati sawasawa, gurudumu likizunguka inacheza kama sahani mezani, mnyororo unaruka. Uliruka mara nyingi. Mwishowe fundi akashika kipande cha mkaa karibu na gia, akamwambia baba azungushe gurudumu polepole. Pale mkaa ulipogusa ndipo palipotokeza. Akalegeza hapa, akakaza pale, mpaka mkaa ukachora duara zima. Nilipenda kuangalia kazi ile.

Shida ya pili ilikuwa moto. Plagi haikutoa cheche hata moja. Wakaifuta, wakaipuliza, fundi akaisomea na Bismillahi. Mimi kwenye mchoro niliona palipofungwa koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, pana alama ya mtu anayekwaruza chuma. Nikamnong'oneza mama. Mama akapiga ukelele toka jikoni, "Asema mkwangue rangi hapo mnapofunga! Chuma kiguse chuma!"

Fundi akaitua spana. "Mama mtoto," akauliza, "huyu msichana wako ana mdomo, ama umemkopesha wako?"

Nikajificha nyuma ya pazia. Lakini wakakwangua, na cheche ikaja, ndogo, ya buluu, tak. Nilijipigia alama ya vyema kimoyomoyo.

Kisha petroli. Fundi alichanganya na mafuta ya injini kwa kipimo cha kizibo, baba akamimina kwenye tangi, na hapo akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitazama, maana amekifanya mbele ya macho yetu maisha yote. Alichana kipande cha nailoni, akakilaza juu ya mdomo wa tangi, akaweka kifuniko juu yake, akakikaza kwa kiganja mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Ndivyo anavyofunga madumu yake. Barabara zetu ni mashimo matupu, na muuza maziwa asiyejua kuziba kifuniko hulisha mchanga. Kwa baba, kifuniko kilicholegea ni kama mtu kutoka nje vifungo wazi.

Akapanda, akakanyaga pedeli, akaachia klachi, na injini ikalia: trrrrrrr! Watoto wa mtaa wote wakatoka mbio. Mama alitoka na mwiko mkononi. Baba akaenda bila kukanyaga, miguu imetulia, goti limetulia, mgongo umenyooka kama wa bwana harusi. Akapita kisima, akapita duka, akafika kwa kinyozi. Kwa kinyozi ikazimika.

Kinyozi wetu ni kijana wa bara, na mzee kwake ni "mzae". Kibanda chake kiko pale njia inapoanza kupanda, na hakijawahi kukosa watu, wengi wao nywele hawana. Akatoa kichwa nje.

"Karibu mzae! Leo ni ndevu ama kichwa?"

Baba akairudisha kwa kusukuma, nasi nyuma. Fundi akafungua tangi akatazama: petroli ipo. Akakipangusa kile kinailoni kwa shati lake, akakirudisha, akafunga vizuri. Injini ikawaka mara ya kwanza tu, kama haijawahi kukosea. Baba akaenda. Kisima, duka, kinyozi. Ikazimika.

"Mzae, foleni hakuna, ingia tu!"

"Joto," fundi akasema. "Imeshikwa na joto. Ipumzike." Ikapumzishwa kwa kitambaa cha maji, kama mgonjwa wa homa. Wakafungua, wakatazama petroli, wakafunga. Ikawaka. Ikafika kwa kinyozi.

Jumamosi yote ilikwenda hivyo. Kinyozi alisema ni plagi tu, yeye angeshow fundi kama fundi angeuliza. Wakanunua plagi nyingine. Mteja mmoja, kichwa chake kimenyolewa upande mmoja tu, alitoka na shuka shingoni akasema, wallahi hapa pana kitu, hata punda wa maji husitasita hapa. Fundi akaongeza mafuta ya injini kwenye petroli, moshi ukajaa mtaa mzima, majirani wakaanua nguo. Akachomoa mpira unaoleta petroli toka kwenye tangi, kifuniko kiko wazi, petroli ikatiririka safi kabisa. "Njia haikuziba," akasema, akaurudisha mpira, akakifunga kifuniko tena. Adhuhuri kinyozi akaweka kiti nje ya kibanda. "Cha mzae," akawaambia watu. "Ni mteja wangu wa kila saa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta. Watu wakicheka mimi uso huniwaka hata kama si mimi wanayemcheka, na walipokuwa wanamcheka baba niliona kama wananivua nguo. Yeye akawa anacheka nao. Lakini niliona alivyokuwa anapanda ule mwinuko wa kurudi, akisukuma baiskeli iliyozidi uzito kuliko mwanzo, mkono mmoja umeshika goti.

Magharibi akamwambia fundi, "Basi. Tumejaribu. Kesho tuifungue tumrudishie shemeji." Akaingia ndani, akatoa lile koti begini, akalitundika dirishani lipate hewa. Mama alisonga ugali kwa nguvu nyingi.

Jumapili asubuhi nilikuwa namlisha mdogo wangu. Ni mtoto bado, hajatimiza mwaka, na anapenda maziwa yake kwenye chupa. Mama alikuwa ameikaza ile chupa kwa sababu huvuja ikamlowesha kanga. Mtoto akanyonya, akanyonya, chuchu ya chupa ikabonyea ikawa bapa kama jani, akaiachia akalia. Nikailegeza. Fyuu, hewa ikaingia, mapovu yakapanda, akashika tena akanyonya. Jambo hilo nalifanya kila siku, wala si la kuandika. Lakini mara hii mkono wangu ulibaki pale pale kwenye kizibo, kwa sababu ile fyuu nilikuwa nimeisikia jana, na haikuwa kwenye chupa.

Niliisikia fundi alipofungua tangi. Kila alipofungua.

Nikamfuata mama jikoni, mtoto kiunoni. "Mama. Tangi halipati pumzi. Ni ile nailoni. Wakifungua kutazama petroli hewa inaingia, ndiyo maana inawaka. Wakifunga inakwenda mpaka hewa inakwisha."

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Kamwambie baba yako."

"Mwambie wewe."

"Mimi nimeshika ungo."

"Mama, wako watu wengi."

"Hao watu wengi ndio watakaokwenda Nyali?"

Nikatoka, chupa ya mtoto mkononi.

Barazani alikuwako baba, fundi ameshika spana ameshalegeza boliti ya kwanza, na kinyozi, kwa kuwa Jumapili hafungui mapema, naye alisema amekuja kumuaga mteja wake. Nikasimama mlangoni. Nikatazama ndala zangu. Nilisimama mpaka mtoto akaanza kunivuta sikio.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Hakipumui."

Fundi akaruka. "Nani hapumui? Mtoto?"

"Kifuniko," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa nyumba ya tatu. Na kwa kuwa maneno hayakuwa yanakuja, nikaikaza ile chupa ya mtoto kwa nguvu zangu zote, nikampa fundi. "Nyonya."

"Ninyonye?"

"Nyonya, fundi," baba akasema. Alikuwa ananitazama mimi.

Fundi akafuta mdomo, akaitia ile chupa kati ya masharubu yake, akanyonya. Mashavu yakaingia ndani. Macho yakatoka. "Haiji," akasema. Nikailegeza kidogo nikamrudishia. Akanyonya, maziwa yakaja, yakamiminika mpaka kidevuni. Kinyozi alikuwa chini kwenye ngazi ameshika mbavu. "Wueh! Ngoja niite watu! Fundi, ukimaliza ubebwe mgongoni!"

Lakini fundi hakumsikia. Alikuwa ameshaliendea tangi. Akafungua: fyuu. Mara hii kila mtu alisikia. Akakigeuza kifuniko juani. Katikati palikuwa na tundu dogo, dogo kama la sindano, limetobolewa makusudi kiwandani, na juu yake kile kinailoni cha baba kimenata na petroli.

"Subhanallah," fundi akasema. "Na mimi nimekitoa hiki, nikakirudisha, nikakitoa, nikakirudisha. Tena nilikipangusa!"

Baba akakichukua kifuniko. Alikiangalia kwa muda. "Lakini petroli itamwagika," akasema, na alisema kwa uchungu wa kweli.

"Imwagike tone, yakhe! Ulitaka ife kwa usafi?"

Wakakaza boliti iliyolegezwa. Baba akafunga kifuniko bila nailoni, na niliona kiganja chake kinavyotaka kuongeza nguvu kikajizuia. Akapanda. Trrrrrrr. Kisima. Duka. Kinyozi alikuwa ametangulia mbio, akasimama mlangoni kwake na kile kiti mikononi. Baba akampita. Akapanda ule mwinuko bila kukanyaga hata pedeli moja, shati limejaa upepo, akakata kona, na sauti ikaenda ikipungua, ikipungua, ikanyamaza.

Tukangoja. Mama alitoka na ungo wake.

"Imezimika," kinyozi akaita kutoka kule, na hakutania.

Nilihesabu moyo wangu badala ya dakika. Niliwaza, nimesema mbele za watu, na haikuwa hivyo. Niliwaza, koti. Kisha mtoto akageuza kichwa upande wa pili, upande wa msikitini, na sisi tukageuka naye. Trrrrr. Baba alikuwa amezunguka mtaa wote kwa barabara kubwa, na sasa anatujia kwa nyuma. Tukampungia mikono asimame. Hakusimama. Alipita mbele yetu meno yote nje akipiga kelele kitu ambacho kwa injini hatukukisikia, akaenda tena: kisima, duka, kinyozi, mwinuko.

"Kwani yuwaenda wapi tena?" mama akauliza.

"Hajui kusimama," fundi akasema. "Akisimama yuwaogopa itazimika."

Alasiri ile baba alipiga simu Nyali. Nilikuwa nafagia karibu yake, nafagia mahali nilipokwisha kufagia. "Samahani sana, bwana mkubwa," alisema. "Nafasi mpe mwenye haja. Mimi goti langu limepata msaidizi."

Jumatatu aliondoka alfajiri kama siku zote, ila safari hii mtaa mzima uliondoka naye usingizini. Siwezi kusema uongo: kelele ni kelele. Jirani wa mkono wa kushoto hatusalimii vizuri mpaka leo, na mimi mwenyewe wenzangu wa shule wakiisikia huniambia, huyo baba yako huyo, nami huona haya kidogo, halafu haya zinaisha. Baba haiti tena "Maziwaaa". Hana haja. Watu wanamsikia tangu barabarani, akifika wamesimama milangoni na sufuria. Yule bibi siku ya kwanza alinusa maziwa yake mara tatu.

"Mume wangu, hayanuki petroli?"

"Onja."

Akaonja. "Hayanuki," akasema, kama aliyekosa kitu cha kusema.

Kifuniko cha tangi baba hakuweza kukiacha uchi. Alikata kinailoni kipya, akaichoma sindano ya mama motoni, akakitoboa sawasawa na lile tundu, akakiweka. Anasema sasa kinapumua kwa heshima.

Begi mama amelitia nguo za mtoto. Koti ndilo lililokuwa limebaki dirishani, halina mwenyewe. Wiki ya pili nikalichovya kwenye ndoo ya maji, na baba alipokuwa anafunga madumu nikamwambia, mimi mwenyewe, wala sikumpitishia mama, kwamba kitambaa kizito kikilowa hubaki baridi njia nzima, tulifundishwa darasani. Akanitazama, akalipokea likichuruzika, akayafunika nalo madumu, akakaza kamba. Kila alfajiri sasa hulilowesha. Akipita, kinyozi humpigia saluti, na mikono ya lile koti inapepea nyuma ya karia.